Misumari Kumi na Mmoja ya Mwalimu wa Gazeti

Mwalimu alizaliwa wapi sijui, na sikumuuliza. Kwangu mimi mtu huanza siku anayoingia mlangoni mwa duka langu. Yeye aliingia asubuhi ya mvua, viatu vimejaa tope la Ngara, bahasha ameificha chini ya buibui isilowe. Hakusalimia kwanza, na hilo lilinishangaza baadaye nilipojua jinsi anavyopenda salamu.

"Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ndiye."

"Unajua kusoma?"

Nilitaka kumfukuza. Nilimwambia nimefika darasa la nne, na mashine zote mbili anazoziona ni zangu, sikurithi, sikupewa, na mkubwa wangu hapa ni Mungu tu.

"Darasa la nne," akasema, kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza. "Basi wewe ndiye ninayekutafuta, mzee wangu."

Alikuwa mlezi wa gazeti la wanafunzi katika shule moja ya Lavington, huko ambako nyumba huzioni, unaona kuta na mlinzi. Gazeti lenyewe lilikuwa la Kiswahili, kurasa nne, mara mbili kila muhula. Kuna wachapishaji wakubwa karibu na shule, wenye mashine za kompyuta na vioo mlangoni. Yeye akaja kwangu, chini ya fleti, katikati ya muuza vifungo na duka la jumla la sufuria. Alibaki kwa sababu ya darasa langu la nne.

Sheria yake ilikuwa hii. Kabla sijachapa, wahariri wote wanakuja dukani. Natoa nakala moja ya majaribio. Nasimama kando ya mashine na kuisoma kwa sauti, kuanzia juu mpaka chini. Nikikwama, wanapiga mstari. Nikikwama mara ya pili palepale, wanaandika upya, hapohapo, juu ya rimu za karatasi, na mimi nasubiri.

Niseme ukweli, sikuipenda kazi hiyo. Mtu mzima, nimejenga, nimesomesha, nasimama mbele ya watoto wa magari makubwa nikikokota maneno kama mkokoteni wa mawe. Kuna kijana mmoja, mhariri wa habari, aliyeandika sentensi ndefu yenye "mikakati" na "uwezeshaji" na "mustakabali". Nilikwama mara tatu. Akacheka kidogo.

"Mzee, hiyo ni Kiswahili sanifu."

"Sanifu kwa nani?" Mwalimu akamuuliza.

"Kwa wale wanajua, Mwalimu."

"Wanaojua hawahitaji gazeti lako. Ulitaka kusema nini?"

Kijana akafikiri. "Ati choo za upande wa wasichana hazina maji tangu wiki iliyopita."

"Haya. Andika hivyo."

Akaandika hivyo. Nikaisoma bila kukwama, na siku hiyo nilikula chakula changu cha mchana nikiwa na furaha ambayo sikumwambia mtu.

Kitu cha pili alichokileta ni ukuta. Nina ukuta wa mbao nyuma ya mashine ya kukatia karatasi. Kila muhula ukianza, Mwalimu aliwapa wahariri wake karatasi zilizoharibika, zile zilizochapwa upande mmoja vibaya na upande wa pili bado ni safi. Kila mmoja aliandika jambo moja tu atakaloliboresha katika kazi yake ya gazeti, akalipigilia ukutani kwa msumari. Muhula ukiisha wanarudi. Aliyetimiza anang'oa lake mwenyewe. Ambaye hajatimiza anaongeza msumari.

Msichana mmoja wa kwanza kabisa aliandika: "Kuboresha ubora wa gazeti letu."

Mwalimu akaisoma, akamrudishia. "Utauboresha na nini, nyundo?"

"Kwa bidii, Mwalimu."

"Hiyo ni dua, mwanangu. Dua mpelekee Mungu, Yeye ana subira. Hapa niletee kazi ambayo huyu mzee anaweza kukushika nayo mwisho wa muhula akakuuliza umefanya au hukufanya."

Msichana alikaa juu ya rimu nusu saa, amekasirika. Mwishowe akaandika: "Nitamuuliza mtu jina lake mara mbili kabla sijaliandika." Hilo lilikuwa lengo. Mwingine, wa michezo, akaandika kwamba ataenda uwanjani mwenyewe badala ya kupigia rafiki simu kuuliza matokeo. Mwingine akaandika kwamba hataweka picha yake mwenyewe ukurasa wa pili. Huyo aliongeza misumari mitatu kabla hajaweza.

Mimi mwenyewe niliandikishwa. Mwalimu alisema mchapishaji ni mhariri wa mwisho. Niliandika kwa herufi kubwa, "SITACHAPA KITU AMBACHO SIJASOMA." Niliing'oa muhula wa kwanza, kwa majivuno makubwa. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Na yeye aliandika lake. Nitalirudia hilo pia, maana ndilo lililobaki ukutani mpaka karatasi ikawa rangi ya chai.

Mwalimu alikuwa mtu wa kuchosha. Aliwafundisha watoto kufika mapema, na yeye hakufika mapema hata mara moja. Alichukia upotevu, lakini kila kikombe cha chai nilichompa alikinywa nusu. Githeri yangu alikuwa akiichambua, anakula mahindi anaacha maharagwe, halafu ananiambia mimi napoteza wino. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kimepigwa pasi, na changu ni cha hapa mjini, kimekunjamana. Nikisema "kitu yangu" mdomo wake ulitikisika, lakini hakunisahihisha. Watoto aliwasahihisha mpaka namna ya kukohoa. Niliwahi kumuuliza kwa nini mimi ananiacha.

"Nikikusahihisha wewe, nani atatukwamia?"

Alipenda kuuliza kazi za watu. Muuza vifungo alimweleza vifungo saa nzima. Alijua mabinti wa mlinzi wa shule yake wako darasa la ngapi. Lakini alikuwa na woga mmoja. Mbele ya watoto alikuwa simba. Mbele ya mkuu wa shule alikuwa kuku aliyenyeshewa. Mkuu akipiga simu akiwa dukani kwangu, alisimama. Alisimama kabisa wima, na simu sikioni, "Ndiyo, bwana mkuu. Sawa, bwana mkuu." Nilimwambia, "Mwalimu, hakuoni." Akaketi, akaona haya.

Sasa nisimulie kosa letu. Nasema letu.

Mlinzi wa lango la shule ndiye aliyekuwa anatumwa na gari la shule kuja kuchukua magazeti yakishachapwa. Mtu mtaratibu, mrefu, koti lake la mvua halitoki mwilini hata jua likiwaka. Tulizoeana. Siku moja aliona rundo la karatasi zangu zilizoharibika, akauliza kama nazitupa. Alikuwa na mabinti wawili shule ya msingi, na upande mmoja ulikuwa safi. Nikamwambia chukua. Tangu siku hiyo kila akija namfungia furushi kwa kamba ya sisali.

Wakati huohuo karatasi zilikuwa zinapotea stoo ya shule. Hilo mimi sikulijua. Wahariri walilijua, wakawa wapelelezi. Mpiga picha wao akamvizia mlinzi jioni anatoka langoni, furushi chini ya koti, kamba inaonekana. Wakaiweka picha ukurasa wa kwanza, na juu yake herufi kubwa kuliko zote tulizowahi kutumia: KARATASI ZETU ZATOKEA LANGONI. Jina hawakuliandika. Kwani nani hakumjua?

Toleo hilo lilikuja kwangu limechelewa. Siku ya wazazi ilikuwa kesho yake. Mwalimu alikuja amechoka, nami nilikuwa nimechoka, goti linaniuma. Watoto walikuwa kwenye gari wakipiga honi.

"Mzee wangu, leo turuke kusoma?"

"Turuke," nikasema upesi. Nilifurahi. Nilifurahi kutokukwama mbele ya watu siku moja.

Nikaweka bamba la kuchapia, nikachapa. Picha zinapita chini ya mkono wangu mia baada ya mia, mimi naangalia wino tu, kama umekolea. Kamba ile ya sisali ni mimi niliyeifunga. Ningesoma mstari wa kwanza tu ningesimamisha mashine. Mtu aliyeandika SITACHAPA KITU AMBACHO SIJASOMA.

Toleo lililofuata, mlinzi mwingine akaja kuchukua. Kijana, hajui watu.

"Yule mzee wa koti yuko wapi?"

"Alifutwa kazi. Si mliandika nyinyi? Alikuwa anabeba karatasi za shule."

Nilichukua nakala ya zamani pale chini ya meza. Nikasoma, polepole, kama ninavyosoma. Halafu nikampigia Mwalimu. Alikuja mchana huohuo, na kwa mara ya kwanza hakuchelewa. Nilimwonyesha mpira wa kamba ya sisali, nikamwonyesha rundo. Aliketi juu ya rimu palepale wanapoketi watoto wanapoandika upya.

"Zilikuwa zako," akasema.

"Zilikuwa zangu."

"Na watoto hawakumuuliza yeye hata swali moja. Nami sikuwauliza kama wamemuuliza." Akaigusa kamba. "Mimi niliyewafundisha jina mara mbili."

Aliandika masahihisho hapohapo, akaenda nayo kwa mkuu wa shule. Alirudi kesho yake na karatasi ileile. Mkuu alisema wazazi wamekwisha kusahau, mlinzi mpya ni mzuri, gazeti la shule halitangazi aibu ya shule. Na yeye Mwalimu akasema ndiyo, bwana mkuu.

Ndipo alipoandika lengo lake, nalikumbuka neno kwa neno: "Kumrudishia mlinzi jina lake, ukurasa wa kwanza, kwa herufi zilezile, na aisome mwenyewe." Akalipigilia.

Muhula ukaisha. Watoto wakang'oa yao. Yeye akaongeza msumari. Muhula mwingine, msumari mwingine. Wahariri wapya walipouliza, aliwaeleza kosa lote bila kujificha, lakini kuchapa hakuchapa. Kuna msichana mhariri mkuu, mkavu, asiyecheka, aliyemwambia mbele yangu:

"Mwalimu, wewe ulituambia lengo usipolifanya mihula mitatu ni pambo."

"Nilisema."

"Hilo lako liko na misumari saba."

"Nahesabu pia, mwanangu."

"Basi tuliweke toleo hili. Sisi tutaandika."

"Mtafukuzwa nyinyi. Kosa si lenu." Na akamaliza hapo. Msichana alipiga nyundo msumari wake siku hiyo kwa nguvu isiyohitajika.

Msidhani mimi nilikuwa bora. Nilikwenda Lavington mara moja kumwona mkuu wa shule, nimevaa koti la kanisani. Langoni nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri. Nikawaza kazi ya shule ile inavyolisha nyumba yangu. Nikaangalia saa, nikajiambia nina kazi dukani, nikarudi. Sikumwambia Mwalimu.

Na mlinzi hakuwa amepotea. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Alipata kazi ya kulinda maghala ya mitumba hapahapa Ngara, mtaa wa pili. Kila asubuhi alipita mbele ya duka langu, koti lilelile, upande wa pili wa barabara. Zamani alikuwa anaingia mpaka ndani.

Mwezi uliopita Mwalimu alikuja peke yake. Miwani mizito sasa, na ngazi ile ndogo ya mlangoni aliipanda kwa kushika ukuta. Nilikuwa nimekaa tu. Mashine moja nimeiuza, ya pili inachapa kadi za harusi ikibahatika.

"Nastaafu Ijumaa," akasema. "Na gazeti linastaafu nami. Mkuu anataka liwe kwenye simu. Hili ndilo toleo la mwisho la karatasi."

Akatoa kurasa. Ukurasa wa kwanza hakukuwa na picha. Juu, kwa herufi zile kubwa: MLINZI WETU HAKUIBA.

"Mkuu ameiona?"

"Hajaiona. Safari hii hataiona mpaka imo mikononi mwa watu. Watoto hawakuigusa, nimeandika mimi, na jina langu lipo." Akanipa. "Nimekuwa mwoga mihula kumi na mmoja, mzee wangu. Nimechoka nao, huo woga. Soma."

Nikasimama kando ya mashine. Nikasoma kwa sauti. Alieleza picha, alieleza kwamba hakuna aliyemuuliza mlinzi, kwamba karatasi zile hazikuwa za shule, kwamba yeye mlezi wa gazeti aliliacha lipite. Maneno mepesi, kama ya mtoto. Nilifika mwisho.

"Hukukwama," akasema, akashusha pumzi.

"Nimekwama," nikamwambia.

"Wapi?"

"Hapa. 'Karatasi hazikuwa za shule.' Zilikuwa za nani?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Mzee, sikutaka kukuingiza."

"Nilikuwa ndani tangu mwanzo. Andika. Zilikuwa za mchapishaji, alimpa kwa mkono wake. Andika kwamba siku hiyo mchapishaji hakusoma kwa kuwa hakutaka kuaibika mbele ya watoto."

"Hilo la mwisho si lazima."

"Mwalimu, wewe andika nikusomee."

Akaandika, juu ya rimu. Nikasoma tena. Hapo nilikwama kweli, mara mbili palepale, lakini si kwa sababu ya maneno, na yeye alilijua hilo na hakupiga mstari.

Tulichapa asubuhi yote. Niliangalia wino, na safari hii niliangalia na mistari. Nakala ya kwanza ilipokauka, alikwenda ukutani akaweka kidole chini ya karatasi yake, aing'oe. Nikamzuia.

"Lengo lilisemaje? Na aisome mwenyewe."

Tukatoka. Mtaa mmoja tu, lakini yeye na macho yake, mimi na goti langu, tulichukua muda. Mlinzi alikuwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ghala. Alituona toka mbali. Hakusimama, hakuondoka.

"Shikamoo, mzee," Mwalimu akamwambia, na kwa umri nadhani walikuwa sawa.

"Marahaba," akajibu.

Mwalimu hakuhutubia. Alimpa gazeti tu. Mlinzi alilishika mbali na uso, kama watu wa umri wetu. Alisoma herufi kubwa. Kisha akasoma zilizobaki, midomo ikitembea, mpaka chini. Mchukuzi alipita na belo la nguo mgongoni, akapiga kelele "Njia! Njia!" tukasogea, yeye akaendelea kusoma.

Alipomaliza akalikunja mara nne.

"Binti yangu mkubwa aliiona ile ya kwanza," akasema. "Mtoto wa jirani aliileta nyumbani. Hakuniuliza kitu. Aliacha tu kuandikia zile karatasi." Akaliweka gazeti mfukoni, ndani ya koti. "Nitampelekea hii. Na mdogo wake bado yuko shule."

Mwalimu alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Hakuna mtu aliyesema msamaha. Hakuutaja yeye, na sisi hatukuthubutu kuomba risiti yake.

Tulipogeuka kuondoka akaniita. "Mzee wa Mashine. Zile za kuharibika, bado ziko?"

"Ziko tele. Leo nimeharibu nyingi."

"Za huyo binti mdogo ningezichukua." Akaangalia barabara. "Lakini uniandikie kwamba umenipa wewe. Niwe nayo mfukoni."

Mwalimu akafungua mkoba, akanipa kalamu na kipande cha karatasi, akanipa na mgongo wa daftari lake niandikie. Alikuwa tayari kuniandikia yeye, nilimwona, akajizuia. Niliandika nimesimama, kwa herufi zangu kubwa za darasa la nne: KARATASI HIZI NIMEMPA MIMI. SIO YA KUIBA. Nikaandika majina yangu yote matatu, na mahali duka lilipo.

Mlinzi hakuipokea. Alimnyooshea kidole Mwalimu.

"Yeye asome kwanza."

Mwalimu akavaa miwani vizuri. Akaisoma kwa sauti, palepale mbele ya ghala, na makosa yangu yote yamo, kila moja kama nilivyoliandika. Hakukwama.